Sitaki Hadithi ya Babu

Ilikuwa Jumanne, saa kumi na dakika ishirini alasiri, wala si Jumatatu kama wengine wanavyodai. Jumatatu duka la dawa hufungwa mapema, na siku hiyo mlango wake ulikuwa wazi. Mbele ya duka hilo, pale barabara mbili zinapokutana, kuna benchi la mbao ambalo watu walewale hulikalia kila alasiri wakinywa kahawa. Siku hiyo walikuwa watatu. Wakili, ambaye kazi yake ni kushona suruali na mahakamani hajaingia ila mara moja kama shahidi, alikaa upande wa kivuli. Katikati alikaa Breki, dereva wa lori aliyestaafu huku mguu wake wa kulia ukikataa kustaafu. Pembeni, simu ikiwa juu ya goti, alikaa King'ora, mzee aliyekuwa akipuliza king'ora cha zamu katika kiwanda cha nguo. Kwa miaka mingi mji mzima uliamka na kula kwa mkono wake.

—Mzee, unaitazama hiyo simu kama imekutukana, alisema Breki.

—Imenitukana kweli.

King'ora akaeleza kwa shida. Kila Jumanne, saa kumi na nusu, humpigia mkwewe, mke wa mwanawe, huko ng'ambo walikohamia, ili amsimulie mjukuu wake hadithi. Mtoto ana miaka mitano na babu hajawahi kumtia machoni. Hana njia ya kumfikia ila sauti. Mwanzoni mtoto alikuwa akiitikia. Siku hizi ni kimya au kulialia, na mkwe husema kwa adabu zake zote, "Amechoka kidogo tu, baba." Jumanne iliyopita, kabla simu haijakatika, King'ora alimsikia mtoto nyuma akilia: "Sitaki hadithi ya babu!"

—Kwa hiyo sijui kusimulia, alisema. Nifundisheni. Leo nikimchosha tena, mtoto nimempoteza.

Wakili alikunja mguu kama hakimu.

—Huwa unaanzaje?

—Hapo zamani palikuwa na mkulima mmoja na mkewe...

—Umeshaharibu! Mkulima wa nini? Anza na maiti.

—Mtoto wa miaka mitano, Wakili!

—Basi maiti ndogo. Ya mjusi.

—Tatizo si maiti, ni mwendo, Breki akadakia. Mzee wangu, samahani, wewe ukisimulia unasimama kila kituo. Juzi ulitueleza habari ya mbuzi aliyepotea, ukaanza na fundi aliyejenga zizi. Hadithi ni mteremko. Achia breki, msikilizaji ajishikilie mwenyewe.

—Wewe si uliachia breki, ukaingia na lori saluni?

—Na watu wanaisimulia mpaka leo, au hawaisimulii?

Hapo Wakili, ambaye hajazoea kushindwa, aliingiza chatu kwenye hadithi. Chatu huyo alikuwa na vichwa viwili, kimoja kinang'ata, kingine kinaomba radhi. Breki akamwongezea mabawa. Wakili akamvika koti, akataja na idadi ya vifungo. Breki akaona chatu peke yake hatoshi, lazima awepo na simba.

—Na simba huyo angurume! Sote kwa pamoja, kwenye simu. Moja, mbili...

Wakanguruma. Mwenye duka la dawa alichungulia. Mbwa aliyekuwa amelala chini ya gari akaamka, akahamia chini ya gari jingine. King'ora hakucheka. Alikuwa amenguruma nao kwa bidii, kama mgonjwa anavyomeza dawa asiyoiamini.

Ngurumo hizo zilimsimamisha mpita njia, kijana mpeleka mitungi ya gesi ambaye hakuna aliyemfahamu. Alitua mtungi wake, akaagiza kikombe cha kahawa, akasikiliza mpaka chatu alipooa.

—Shikamooni wazee. Samahani kuingilia. Huko aliko mtoto, sasa hivi ni saa ngapi?

—Saa kumi na nusu kasoro dakika mbili, King'ora alijibu kwa mazoea ya kazi.

—Hiyo ni ya hapa, mzee wangu. Ya huko?

Breki alimtazama Wakili. Wakili alikitazama kikombe chake.

—Huko ni ng'ambo, Wakili alisema hatimaye.

King'ora akapiga, akaiweka simu kwenye spika kwa sababu masikio yake yalibaki kiwandani.

—Shikamoo, baba.

—Marahaba, mwanangu. Hapo kwenu ni saa ngapi?

Mkwe akashusha sauti.

—Saa nne na nusu, baba.

—Ya asubuhi?

—Ya usiku.

—Na mtoto?

—Alilala tangu saa mbili. Huwa namwamsha, baba. Baba yake yuko zamu za usiku, nami nikadhani hiyo ndiyo nafasi unayopata. Nikaona si adabu nikupangie.

—Leo mwache alale.

Breki alikuwa na utani tayari kuhusu mtu wa saa asiyejua saa, akaumeza pamoja na kahawa. King'ora alikuwa ameinama. Maisha yake yote alipuliza na watu wakaamka; hata siku moja hakuwahi kujiuliza nani alikuwa ndotoni.

Jumamosi alipiga saa tatu asubuhi, palepale bencheni, simu ikiwa kwenye spika; wenzake siku hiyo waliwahi ili wasikose. Kule ilikuwa saa tisa, mchana mweupe.

—Hujambo, mjukuu wangu? Uko wapi sasa hivi?

—Chini ya meza.

—Unafanya nini?

—Najificha.

—Nani asikuone?

—Babu.

Benchi zima liliacha kunywa. King'ora alifumba macho. Kisha, taratibu, akashusha sauti mpaka ikawa mnong'ono.

—Sogea kidogo, na mimi nijifiche.

—Na wewe unamkimbia?

—Yule mzee ana hadithi ndefu, we acha tu! Kuna nafasi?

—Ingia. Inamisha kichwa.

King'ora akainamisha kichwa, palepale barabarani. Akaondoa simu kwenye spika, akaibana sikioni, akawapa wenzake mgongo.

Wakili husema hadithi aliyosimulia ilikuwa ya chatu wake. Si kweli, Wakili hakusikia hata neno. Breki husema mzee alilia. Si kweli vilevile. Ni sauti tu iliyokwaruza kwa kunong'ona. Hadithi yenyewe hakuna aliyeisikia ila aliyesimuliwa. Waliokuwapo walisikia kicheko kimoja cha mtoto kikichomoka simuni, na baada yake "Shhh!", mtoto akimwonya mwenzake wa chini ya meza asije akawafichua.