Bi Bado Anaondoka, Majani Yangali Ardhini

Baada ya miaka thelathini na mmoja kwenye shamba letu la majaribio ya vitunguu, msimamizi wa matuta, ambaye sote tunamwita Bi Bado, anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Nimeombwa niandike kwa uchangamfu. Nitajitahidi, ila ieleweke kwamba naandika kwa hofu, maana anayeachiwa matuta hayo ni mimi.

Alianza kama kibarua wa kupalilia. Siku hizo kila asubuhi ilikuwa bomba la dawa mgongoni, na thiripi, wale wadudu wadogo wanaofyonza jani la kitunguu mpaka linapauka, waliendelea kula kama hawajaambiwa kitu. Ni yeye aliyemng'ang'ania bwana shamba wa wakati ule wafukie majani mabichi ya mwarobaini na alizeti pori kwenye matuta kabla ya kupanda. Bwana shamba alikubali ili apumzike na kelele. Kufikia msimu wa tatu wadudu walikuwa wamepungua hata mabomba yakaota kutu stoo.

Shida ya majani ni muda. Ukipanda kabla hayajaoza sawasawa, uvundo unaita nzi, nzi wanataga, na funza wanaivamia miche kutoka chini. Ukichelewa, miche inazeeka kitaluni. Bi Bado hakuwa na kipimo chochote. Alipiga magoti, akachota udongo, akanusa, akasema bado. Mkurugenzi aliwahi kuja na wageni na wapiga picha, miche tayari mikononi, akaambiwa bado, na magari yakageuzwa. Mumewe anasema hata posa yake ilijibiwa hivyo mara mbili.

Majani ya msimu huu tuliyafukia wiki mbili zilizopita. Yatakuwa tayari yeye akiwa nyumbani kwake. Nimenusa tuta namba nne kila siku, na nakiri sisikii harufu yoyote zaidi ya udongo. Juzi nilinusa mpaka nikapiga chafya, vibarua wakacheka hadi wakaweka majembe chini. Mimi sikucheka. Wakulima mia mbili wa jirani hupanda siku tunayopanda sisi. Nikikosea, nawakosesha wote.

Jana, tukikabidhiana funguo za stoo, nilimwambia kwamba niko tumbo joto. Nilitarajia anitanie. Alikaa juu ya gunia, akaniambia kwamba na yeye tumbo limekuwa joto kila msimu, miaka yote hiyo. Mara moja tu hakuogopa, na ndio mwaka ambao funza walimaliza matuta tisa. Sikuwa najua. Sote tulidhani kazi ilikuwa ya pua.

Shangazi yetu, asante kwa kuibeba hofu hiyo peke yako bila hata siku moja kutununia. Tunakutakia afya, wajukuu wasumbufu kiasi, na usingizi mzito. Nenda ukalipoze tumbo. La joto umeniachia mimi, na nitalitunza.