Waridi la Shemeji na Karatasi Tisa

Benchi letu liko mbele ya studio ya picha, ubao mrefu uliotandikwa juu ya matofali na kulainishwa na makalio ya miaka mingi. Mwisho wake mmoja nakaa mimi, fundi viatu, na kisanduku changu cha misumari na gundi. Mwisho wa pili anakaa Mama Birika na kahawa yake. Katikati wanakaa wenye kelele. Kuna Redio, tarishi mstaafu, ambaye habari humfikia kabla hazijatokea. Kuna Rufaa, kinyozi wa mlango wa pili, ambaye hajawahi kukubali hukumu ya mtu. Ukimwambia mvua inanyesha atadai ushahidi huku amelowa. Na kuna mwenye studio mwenyewe, Tabasamu, tuliyempa jina hilo kwa sababu ndilo neno alilowaambia wateja wake kwa miaka thelathini. Wiki ile, lakini, yeye mwenyewe hakuwa na tabasamu hata la kuazima.

Kisa ni bustani ya mkewe, ambaye sisi wote tunamwita Shemeji. Iko ubavuni mwa studio, hatua nane urefu na mbili upana. Jumatatu ililetwa barua kwamba mtaro wa maji ya mvua utapita papo hapo, na wachimbaji wanakuja Alhamisi saa kumi jioni. Shemeji alikuwa kwa binti yao aliyejifungua, na kurudi kwake ni Alhamisi hiyohiyo. Mimea mingine angesamehe ikipotea. Ila kuna mwaridi mmoja aliouleta ukiwa kijiti, umekatwa kwenye nyumba ya mama yake. Na sasa mama hayupo, na nyumba imeshauzwa. Tabasamu alishindwa kumwambia kwenye simu. Akajifungia kwenye chumba cha giza, akachanganya dawa mbili alizoachiwa na fundi aliyemfundisha kazi, akapaka karatasi tisa, akatoka na kututangazia kwamba atachukua sura ya kila mmea kabla haujafukiwa. Hakuna aliyepinga. Hata Rufaa hakupinga, na hilo peke yake lilitosha kututia wasiwasi.

Basi, Alhamisi saa nne asubuhi, jua limeshika kazi yake vizuri. Karatasi saba zimekwisha, zinaning'inia mlangoni kwenye kamba kwa vibanio vya nguo: mnanaa, mrehani, mchaichai na wenzao, weupe juu ya bluu. Ya nane iko juani juu ya kigoda, imelaliwa na kipande cha mshubiri, na juu yake kioo.

Redio: Hebu nieleze tena. Kamera hakuna?

Tabasamu: Hakuna.

Redio: Filamu?

Tabasamu: Hakuna. Karatasi ina dawa. Jua likiipiga, inageuka bluu. Pale lilipolala jani jua halifiki, panabaki peupe. Unaosha kwa maji, basi.

Redio: Hapana, bwana. Haiwezi kuwa rahisi hivyo. Kuna kitu unatuficha.

Rufaa: Mimi nimekaa siku tatu naangalia, na nimegundua. Jani linatoka jasho. Lile jasho ndilo linalokula rangi.

Mama Birika: Jani litoke jasho limebeba mzigo gani?

Rufaa: Limelala juani chini ya kioo, mama! Wewe ukilazwa juani chini ya kioo hutoki jasho?

Mimi: Tabasamu anasema kweli. Tazameni miguu ya wateja wangu. Mtu akivua ndala, unaona mistari ya kanda imebaki na rangi yake na kwingine kote jua limempiga. Miguu yote mtaani imechapwa.

Rufaa: Hiyo ni miguu. Sisi tunazungumzia sayansi.

Tabasamu hakuwa anatusikiliza. Mshubiri ulikuwa unamtesa. Ni mnene, haukubali kulala, na kioo kilikuwa kinayumba juu yake. Akaingia ndani kutafuta kitu cha kukigandamiza. Hakuwa amefika hata kaunta, Rufaa akainama, akachukua kile chuma changu chenye umbo la mguu, ninachopigilia soli, akakitua juu ya kioo.

Mimi: We! Weka chini chuma changu!

Rufaa: Nimeshaweka chini. Ona, kioo kimetulia.

Tabasamu alipotoka dakika za kukaa juani zilikuwa zimeshakwisha. Akaitazama karatasi, akatutazama sisi, akaibeba mpaka kwenye beseni. Maji ya kwanza yakatoka na unjano. Bluu ikaanza kukolea. Tukaona mshubiri, miiba yake yote, kingo zimefifia kidogo kama mtu aliyetikisika akipigwa picha. Na ubavuni mwa mshubiri, umeukanyaga nusu, mguu. Mguu mweupe, safi, wa kushoto.

Mama Birika alicheka mpaka akaiweka birika chini.

Tabasamu: Rufaa.

Rufaa: Kabla hujasema kitu, tukubaliane kwanza kwamba kioo kilitulia.

Redio: Ngojeni. Ngojeni kwanza! Chuma kilikuwa juu ya kioo, wala hakikugusa karatasi. Na bado kimetokea. Mnaelewa maana yake?

Mimi: Maana yake Rufaa ana kiherehere.

Redio: Maana yake kitu hakihitaji kugusa. Kikikaa tu mbele ya jua, kinachapwa nyuma yake. Sasa nawauliza: sisi tumekaa kwenye benchi hili miaka mingapi?

Rufaa: Ishirini.

Redio: Jua linatupiga usoni kila asubuhi. Na nyuma yetu kuna nini?

Wote tukageuka. Nyuma yetu kuna ukuta.

Redio: Tumo mle! Wote! Miaka ishirini tunachapwa kwenye ukuta huu, tatizo ni moja tu, hakuna aliyewahi kuuosha!

Nilidhani anatania. Redio hatanii. Alinyakua ndoo ya Mama Birika, maji yake ya kusuuzia vikombe, na kabla mama wa watu hajafungua mdomo ukuta ulikuwa umelowa kuanzia dirishani hadi kwenye kizingiti cha kinyozi. Tukasimama wanaume watu wazima watatu, tumekodolea macho plasta.

Redio: Yule pale! Bega langu!

Rufaa: Lile ni bega? Ile ni pua yangu.

Redio: Pua yako ingeanzia pale ingeishia sokoni.

Rufaa: Nakata rufaa. Hebu mwagieni maji tena.

Mama Birika: Mtaumwagia hayo mate yenu! Nirudishieni ndoo, na anayetaka kahawa leo atakunywa kwenye kikombe kichafu.

Tulikunywa kwenye vikombe vichafu. Ilikuwa kahawa tamu kuliko zote nilizowahi kunywa pale, sijui kwa nini. Labda kwa vile mbavu zilikuwa zinauma kwa kucheka. Tabasamu tu ndiye hakucheka. Alikaa kwenye kizingiti, ameshika bahasha nyeusi yenye karatasi moja ndani.

Tabasamu: Imebaki hii. Ya tisa. Nimeuwekea mwaridi. Nikikosea hii, sina tena dawa, sina tena karatasi, sina tena la kumwambia mama watoto.

Redio akakohoa.

Redio: Basi leo kila mtu mikono mapajani.

Rufaa: Mikono yangu hii hapa. Fundi, ficha chuma chako.

Tabasamu aliingia akatoka na albamu yao ya arusi. Jana yake jioni alikata tawi lenye ua, na ua lilikuwa hilo hilo moja mti mzima, akalibana katikati ya albamu usiku kucha ili lilale bapa. Akalitoa taratibu, kwa vidole viwili. Petali zilikuwa zimekuwa nyembamba hata nikaona ukucha wake kwa upande wa pili. Akalilaza kwenye karatasi, akafunika kwa kioo, akaketi mbele yake.

Na hapo hapo wingu likaja.

Mama Birika: Wewe wingu, huna kwenu?

Redio: Hilo limetoka mashariki. Litakaa saa nzima.

Rufaa: Limekuletea barua?

Redio: Nawaambia mimi najua mawingu. Ila lisiwatishe. Karatasi hii ikishachapwa ina kila kitu cha ule mti, mpaka mizizi. Ukiipanda ardhini ukaimwagia maji, wiki mbili tu, inachipua.

Rufaa: Inachipua nini, karatasi?

Redio: Mwaridi wa bluu.

Rufaa: Sasa hapo umesema. Kwa hiyo tukimlaza mtu juu ya shuka lenye dawa...

Mama Birika: Tutapata Rufaa wawili. Mungu atuepushie.

Wingu lilikaa muda wake likaondoka, na jua likarudi kwa hasira. Tabasamu alihesabu dakika kwa midomo. Hakuna aliyegusa kitu. Rufaa alikalia mikono yake kabisa, nikamwonea huruma, maana nyusi peke yake zilikuwa zinataka kwenda kukisogeza kioo. Karatasi ikapita kutoka ukijani hadi ukijivu, na Tabasamu akasema, sasa.

Tulilizunguka beseni wote. Maji yakachukua unjano. Likatokea shina, na kila mwiba mahali pake. Yakatokea majani na meno yake madogo ya pembeni. Kisha ua lenyewe, ambalo halikuwa jeupe tupu. Jua lilipita kidogo kwenye petali nyembamba, kwa hiyo ukaona petali moja imelalia nyingine, bluu hafifu juu ya bluu hafifu, mpaka katikati kabisa. Ilikuwa nzuri. Nasema wazi, macho yalinilowa, na si mimi peke yangu.

Rufaa: Sina la kupinga.

Redio: Andikeni tarehe!

Tabasamu akacheka. Mara ya kwanza tangu Jumatatu. Akaibana ya tisa kwenye kamba katikati ya wenzake, akarudi nyuma hatua tatu kuitazama, kisha akageuka aliposikia mtu anatua mkoba.

Shemeji alikuwa amesimama nyuma yetu, na vumbi la safari kwenye viatu.

Shemeji: Habari za hapa? Mbona ukuta umelowa?

Sote tukamtazama Tabasamu, na Tabasamu akamweleza yote mkewe kwa pumzi moja: barua, mtaro, saa kumi, dawa, karatasi tisa. Alipomaliza alikuwa anaangalia chini.

Shemeji akaisogelea kamba. Akapita karatasi moja moja, bila haraka, kama anayekagua nguo kabla ya kuzianua.

Shemeji: Mnanaa wangu. Mrehani. Na huu wenye mguu?

Rufaa: Mshubiri huo, shemeji. Mguu ni wa fundi viatu.

Mimi: Mguu ni wa Rufaa!

Hakutusikia. Alikuwa amefika kwenye waridi. Akainua mkono akasita kuligusa kwa sababu bado lilikuwa linadondosha maji.

Shemeji: Hili umelichukua vizuri sana, baba watoto. Vizuri sana. Asante.

Tabasamu akapumua mpaka mabega yakashuka. Redio akanipiga kiwiko cha furaha. Mama Birika alikuwa ameshaanza kummiminia mgeni kahawa.

Shemeji: Sasa ni saa ngapi?

Redio: Saa saba na robo, shemeji.

Shemeji: Na wachimbaji wanakuja saa kumi.

Redio: Saa kumi kamili. Habari ya uhakika.

Akaenda mpaka kwenye kona, akachungulia bustani. Mimea yote ilikuwa imesimama pale pale, mibichi, imepungukiwa jani hapa na tawi pale. Akarudi. Akatutazama mmoja mmoja, bila hasira yoyote, na hilo ndilo lilikuwa baya zaidi.

Shemeji: Shemeji zangu. Tangu Jumatatu mko hapa watu wanne na mama. Kwa nini hamkuing'oa mimea mkaipanda kwenye makopo?

Rufaa alitazama mbingu akitafuta wingu. Mimi nilikuwa na makopo sita ya gundi, matupu, chini ya miguu yangu, nikayasukuma polepole kwa kisigino nyuma ya kisanduku yasionekane. Mama Birika alinong'ona, "Jamani," na kahawa ikafurika kikombe ikamwagikia kwenye vidole vyake asihisi.

Tabasamu ndiye aliyesema, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Tabasamu: Nilikuwa nafikiria namna ya kukwambia tu. Sikufikiria kingine. Niliogopa utalia.

Shemeji: Ningelia, ndiyo. Dakika tano. Halafu ningekwambia ushike jembe.

Basi akalia dakika zake tano pale pale mlangoni, ameshika mkono wa mumewe, kicheko kikimkatiza kila mara, na sisi tukainuka kwenye benchi mmoja mmoja kwenda kutafuta majembe.