Anasuya Gajjam (1951–2023), Aliyetoa Jina Lake Ili Neno Libaki

Marehemu Anasuya Gajjam, ambaye mtaa mzima wa Sakhar Peth ulimwita Mwalimu, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1951 hapa hapa Solapur, mtoto wa pili wa mfumaji Irayya Gajjam na mkewe Narsavva. Baba yake alifuma mashuka kwenye kitanda cha mfumi kilichojaza nusu ya nyumba. Ndani walizungumza Kitelugu. Mlango ukifunguliwa, Kimarathi. Marehemu alikuwa akisema hakuwahi kujua kizingiti kiko wapi.

Alisoma shule ya msingi kwa Kitelugu, kisha mwaka 1962 akaingia shule ya Kimarathi, ambako alichekwa kwa matamshi yake. Alijibu kwa kuwa wa kwanza darasani katika somo hilo hilo. Mwaka 1972 alipata shahada ya Kimarathi, na tangu 1973 hadi 2009 aliifundisha lugha hiyo. Wanafunzi wake waliopo hapa leo wanajua insha isiyo na nukta ilirudi na maneno gani.

Mwaka 1976 alitangaza kwamba ataolewa na Vishwanath Jagdale, karani wa reli, Mmarathi. Siku hiyo nyumbani hapakulika. Kwa watu wa Narsavva, msichana ana *bava* wake tangu azaliwe: binamu, mtoto wa mjomba au wa shangazi, ambaye ndiye mume wake wa halali. Wa Anasuya alikuwa Karimnagar.

"Bava wako yupo, anakungoja," mama yake alimwambia.

"Nimepata mwingine, mama."

"Bava haokotwi stesheni, we mtoto. Bava anazaliwa."

Walifunga ndoa tarehe 12 Mei 1976. Kuanzia hapo, mbele ya mama mkwe na mbele ya majirani, alimwita mumewe bava. Mzee Vishwanath aliona haya mwanzoni, maana sikio la Kimarathi husikia *bhava*, yaani kaka. Wenzake wa reli walimuuliza kila asubuhi, "Jagdale, dada yako hajambo?" Baadaye akawa haitikii jina lingine.

Mwaka 1984 kampuni ndogo ya Kolhapur ilinunua hadithi ya filamu ya mapenzi ya Kitelugu ili kuitengeneza upya kwa Kimarathi, kwa jina *Chandanyacha Dhaga*, Uzi wa Mbalamwezi. Marehemu alipewa kazi ya kuandika mazungumzo. Wapo wanaosema mpaka leo kwamba ile ilikuwa nakala. Haikuwa nakala. Mashamba ya mpunga aliyageuza ya mtama. Mama mkwe wa filamu ya Kitelugu alilia. Wa filamu yake alitukana, tena vizuri. Neno moja tu hakuligeuza, na kwa kweli hakukusudia. Bava lilimkaa mdomoni kiasi kwamba hakuliona kwenye karatasi.

Watu wa Kolhapur walilisikia. Kwenye onyesho la majaribio, msichana amelowa mvua, analia, "Bava, usiniache," na sauti kutoka viti vya mbele ikasema, "Si umfunge rakhi, yaishe." Rakhi ni uzi ambao dada humfunga kaka yake mkononi. Ukumbi mzima ulivunjika mbavu.

Mtayarishaji, Bwana Annasaheb Mohite, alimwita ofisini. Alikwenda na mumewe.

"Dada, umeniaibisha. Msichana analilia kaka yake. Lifute hilo neno."

"Kosa ni langu, bwana. Sikuliona. Lakini sasa nimeliona, na silifuti. Rafiki yake amcheke kabla ya ile mvua, naye amjibu. Nitaandika."

"Watauliza nimemtoa wapi huyu Mtelugu asiyejua Kimarathi."

"Basi ondoa jina langu. Neno liache."

Bwana Mohite alidhani ni utani. "Bila jina, utamwambia nani kwamba kazi ni yako?"

"Nitamwambia bava wangu. Si huyu hapa?"

Jina likaondolewa. Neno likabaki, pamoja na mazungumzo ya kisimani aliyoyaongeza. Rafiki anauliza, "Wewe, huyo ni mpenzi au ni ndugu?" Msichana anatua mtungi. "Kwa lugha ya mama yangu ni mume. Kama sikio lako limesikia kaka, kalioshe."

Filamu ilipofika Solapur Januari 1985, hakuna aliyecheka pale kwenye mvua. Wasichana wa Kimarathi walianza kuwaita wachumba wao bava, wazazi wao wakakasirika, na marehemu akafurahi mno. Alipoulizwa kwa nini hadai jina lake, alisema hana haja ya kuomba alichokitoa mwenyewe.

Machi 2023 aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo. Alivumilia matibabu kwa kusahihisha Kimarathi cha matangazo ya hospitali. Katika siku zake za mwisho, muuguzi, msichana mwema wa Satara, alimsikia akiita kwa sauti ndogo, "Bava." Akakimbia kumtafuta kaka wa marehemu, Mzee Ambadas, ambaye aliingia akihema.

"Wewe nani kakuita?" marehemu akauliza.

"Nimeambiwa unaniita."

"Nimemwita bava." Akamgeukia muuguzi. "Mwanangu, kalioshe hilo sikio."

Mzee Vishwanath alikuwa nje kwenye benchi, na kikombe cha chai mkononi. Akaingia. Hakutoka tena.

Marehemu alifariki jana, Jumanne tarehe 14 Novemba 2023, saa tano asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe. Ilikuwa Padwa, siku ambayo mke humwashia mumewe taa. Hakungoja Bhaubeej, siku ya kaka, ambayo ni leo. Mzee Ambadas anasema hana kinyongo, alikwisha kuambiwa.

Ameacha mume, Bwana Vishwanath Jagdale, kaka, Bwana Ambadas Gajjam, binti, Vaijayanti, mwana, Siddharam, wajukuu watatu, na wanafunzi wasiohesabika.

Karatasi hii inaandika kile ambacho pazia la sinema halikuandika:

*Chandanyacha Dhaga*. Mazungumzo: Anasuya Gajjam.

Mwalimu apumzike kwa amani. Neno lake asilifute mtu.