Kampasi Ipi Ndiyo Kichwa

Benchi letu liko Rosettenville, jiji moja na Soweto, kwenye kona ya roboti, ndivyo huku wanavyoita taa za kuongoza magari, nje ya duka langu la cherehani. Zamani lilikuwa karibu na nguzo ya taa, lakini pale barabarani kuna mfuniko wa chuma unaotapika maji taka tangu sijui lini, na maji yakisogea na sisi tunasogea. Wenye kazi yao walikuja, wakafunga utepe wa njano, wakaondoka. Utepe nao ukaibwa. Sisi tunanyanyua miguu na kuendelea na hoja. Mimi ni fundi cherehani, wananiita Sindano. Kushoto kwangu hukaa Octave, Mkongo wa Goma, mlinzi wa lango la chuo kikuu kule Doornfontein, ambaye kwa kulinda lango anaamini naye kasoma. Huyo tunamwita Geti. Kulia hukaa Kiplagat, Mkenya wa benki, jina lake la kijiweni ni Riba, na wiki ile alikuwa likizo. Katikati, asubuhi hiyo ya Aprili 2019, alikaa Papa François, fundi viatu kutoka Lubumbashi, ndani ya suti niliyomshonea kwa mkono wangu, mapajani ana mfuko wenye makopo mawili ya poda ya watoto. Binti yake Murielle alikuwa anahitimu alasiri ile. Kahawa aliimimina Tumu, mama muuza kahawa wa Tanga, siku yake ya kwanza kijiweni, na kila mmoja wetu alitaka ajue kwamba hapa wanakaa watu wenye akili.

Papa François: Geti, ni wewe njo unajua. Sherehe iko kampasi gani? Mutoto alisema tu atapita kunichukua. Sitaki kushuka kwenye teksi nianze kushangaa-shangaa mbele ya wenzake.

Geti: Umeuliza mtu mwenyewe. Chuo kile kina kampasi nne. Nne, Papa! Kuna mabasi yanazunguka kutwa, yanatoa wanafunzi huku yanapeleka kule. Lakini ni mwili mmoja. Na kichwa cha mwili ni Doornfontein.

Riba: Nani amekuambia?

Geti: Naona kwa macho. Mkubwa wa chuo alipita kwenye lango langu mwaka juzi. Alisimama akaongea na mimi.

Riba: Akasema nini?

Geti: Aliniuliza choo kiko wapi.

Riba: Sasa wewe, mtu anauliza choo kwake? Si hapo ndipo ungejua kwamba kichwa kiko kwingine?

Nilicheka mpaka kahawa ikanimwagikia. Geti alinuna kidogo, akajitia anaangalia roboti ikibadilika. Papa François hakucheka. Alikuwa anafuta kiatu chake cha kushoto, ambacho tayari kilikuwa kinang'aa.

Riba: Wacheni niwaeleze hii mambo vizuri. Vyuo vya serikali nchi hii ni ishirini na sita. Serikali inatoa sehemu ya pesa, baraza linaamua, seneti inabishana. Chansela yeye kazi yake ni kuvaa joho. Kwetu Kenya zamani rais mwenyewe ndiye alikuwa chansela wa vyuo vyote vya umma. Anasimama, anatamka maneno mawili, nyote mnainuka pamoja, mmeshapata digrii.

Mimi: Wote kwa mara moja?

Riba: Wote! Hata aliyekuwa anakatiza hapo akienda kununua sukuma wiki, akisimama tu, amehitimu.

Geti: Ndiyo maana benki yenu iko vile.

Papa François: Ninyi munacheka. Sisi kwetu, wakati wa Zaire, ilikuwa université moja kwa inchi yote. Moja! Kampasi tatu. Madaktari wote Kinshasa, walimu wote Kisangani, sisi Lubumbashi tukabaki na mawe na philosophie. Kaka yangu alitaka ualimu. Wakamupandisha ndege, akaenda Kisangani. Mama alilia kama anazika mutu. Aliporudi alikuwa anaongea Lingala, na Mama hakusikia kitu.

Mzee hakuwa anaongea habari za kaka yake tu. Lakini kijiwe hakiwezi kukaa na huzuni mbele ya mgeni, na Geti ndiye aliyeanza tena.

Geti: Hapa hawahitaji ndege. Chini ya mji huu ni mashimo matupu, walichimba dhahabu wakaacha. Kuna njia inatoka Doornfontein mpaka Soweto. Mitihani inapita chini huko, ili wanafunzi wasiione.

Mimi: Umeiona?

Geti: Usiku nasikia inapita.

Riba: Hizo ni panya, Geti.

Nikaona na mimi nitie langu, kwa heshima ya ufundi. Nikamwambia Papa François asihangaike na lango, atazame bitana ya joho, kile kitambaa cha ndani. Kila kampasi na rangi yake. Akiona bluu, ni huko. Akiona nyekundu, arudi haraka. Sikuwa na hakika hata kidogo, lakini nilisema kwa sauti ya mtu mwenye hakika.

Papa François: Na nikikosea kampasi?

Geti: Ukikosea wanakuita hivyo hivyo. Unapanda jukwaani, unapewa binti wa mtu mwingine.

Riba: Na digrii yake. Hairudishwi.

Papa François alishika mfuko wa poda kwa mikono miwili. Kwao mtoto akifaulu anamwagiwa poda kichwani mpaka mabegani, mtaa mzima ujue. Alikuwa ameniuliza mara tatu kama wazungu wa chuo watamkataza. Nilimwonea huruma, na bado niliendelea kumchokoza, ndivyo tulivyo.

Tumu alikuwa anasuuza vikombe. Akasema taratibu:

— Samahani baba. Hivi huyo binti amesomea nini?

— Sheria, Geti akasema.

— Uhasibu, Riba akasema.

Wakatazamana. Wakanitazama mimi, nami nikamtazama Papa François. Teksi mbili zilipiga honi kwenye roboti, zikapita.

— Sijui, Papa François akasema. Miaka mine sijui. Angali mudogo alinijibu Kiswahili, sasa ni Kingereza tupu, haraka-haraka. Niliogopa kumuuliza, asije akanijibu kitu nisichokielewa, aone baba yake ni mujinga. Basi nikawa naulizia kampasi.

Geti alinyanyua miguu, maji yalikuwa yamefika tena.

Ndipo teksi ikasimama, na Murielle akashuka na joho jeusi limekunjwa mkononi. Alitusalimia wote, "Sharp, ma-uncle", akambusu baba yake.

— Papa, ready?

Papa François hakusimama.

— Mama, mutoto wangu, ulisoma kitu gani?

— Papa, you never asked me.

— Ninakuuliza leo.

Tulimwona akitafuta maneno. Alianza, akaacha, akaanza tena.

— Maji, Papa. Maji ya... eish. Hii.

Akanyoosha ncha ya kiatu chake cha sherehe, akaonyesha maji yaliyokuwa yanapita chini ya benchi.

— Hii inatoka wapi, inaenda wapi. Paipu iko chini, imevunjika, njo maana inakuja juu. Mimi nilisoma kutengeneza hii.

Geti: Miaka minne ya chuo kikuu, kwa haya maji?

Murielle: Uncle Octave, wewe uliinua miguu miaka ngapi?

Riba alicheka karibu aanguke. Geti alishusha miguu, akaikanyagisha majini kwa kiburi, soksi na yote.

— Kumbe, Papa François akasema, nilikalia masomo yako miaka yote hii.

Akasimama, akafungua kopo. Murielle alinikabidhi joho. "Ya kukodi, Uncle, shika mbali." Akaondoa kitambaa kichwani, akainama mbele ya baba yake palepale kona. Mzee alimwaga kopo zima, akamwaga na la pili, analia waziwazi, na Tumu akapiga vigelegele hadi wauza viazi ng'ambo ya barabara wakaitikia bila kujua ni vya nini. Nami nililia, nisiseme uongo.

Nikarudisha joho, wakaondoka, mmoja mweupe kichwa, mmoja mweupe mikono. Teksi ilipokata kona Geti akashika kiuno.

— Hatujamuuliza ni kampasi gani!

Hakuna aliyejali. Tumu akatangaza kwamba kahawa imekwisha. Sote watatu tulikuwa tumeinama juu ya ule mfuniko wa chuma, tunabishana maji yanatokea upande gani.