Dakika Nne za Kusimama

Ndugu zangu, maman zangu na papa zangu, kabla sijaanza naomba ruhusa. Nitazungumza huku natembea. Mnaonifahamu mnajua sababu. Mnaoniona leo kwa mara ya kwanza, msidhani nina haraka ya kwenda mahali. Nikitembea niko salama, nikikaa niko salama. Nikisimama tuli mahali pamoja ndipo taabu inapoanza, na taabu hiyo ndiyo nimekuja kuwasimulia.

Mimi ni mtu wa Kigoma. Ninyi wa Bukavu na Uvira mnakicheka Kiswahili changu, mnasema nazungumza kama redio. Sawa, chekeni. Mama wa binti yangu ni wa kwenu, wa Uvira, na ndiye aliyenileta Ubelgiji. Hapa Brussels nilipata kazi ya kuhamisha vyombo vya watu. Mnazijua nyumba za Saint-Gilles, zile za zamani zilizokatwakatwa kuwa vyumba vya kupanga, ngazi zake nyembamba na zinapinda. Mimi nilikuwa nabeba mashine ya kufulia mgongoni mpaka ghorofa ya nne, na nikifika juu bado naimba. Nawaambia haya mjue nilijiona nani. Mtu akiniuliza mimi ni nani, nilikuwa namwonyesha mabega yangu.

Siku moja kabati lilituponyoka, mimi na mwenzangu, tukiwa katikati ya ngazi. Yeye alikuwa juu, mimi chini. Likanisukuma ghorofa nzima. Nilipasuliwa mgongo, nikalala hospitali wiki nyingi, nikafundishwa kutembea upya kama mtoto. Namshukuru Mungu, nilitembea. Lakini mshipa unaoshuka kwenye mguu wa kulia uliumia. Daktari alinieleza kwamba nikisimama bila kusogea mshipa unabanwa. Kwanza mguu unawaka moto, kisha unakufa ganzi, kisha ni kama haupo kabisa. Hakuna mkongojo, hakuna kiti cha magurudumu, hakuna kovu linaloonekana nikivaa shati. Ukinikuta njiani Jumapili na koti langu utasema huyu ni mzima kuliko mimi. Na mimi nilipenda useme hivyo.

Ndoa yetu haikuvunjwa na kabati. Niliivunja mimi. Nilikaa nyumbani na hasira, kila neno nikalisikia kama tusi, na mtu akiniuliza naendeleaje namjibu kwa ukali. Mama mtoto alivumilia, akachoka, akahamia Liège kwa dada yake. Binti yetu alikuwa na miaka saba, akaenda naye. Tukakubaliana kwamba Jumamosi moja aje kwangu, inayofuata abaki kwao. Mama yake alikuwa anamleta mpaka stesheni ya Gare du Midi, ananikabidhi mkoba wake, anarudi na treni nyingine.

Sasa mtoto huyu alikuwa na hamu moja. Alisikia wenzake wa shule wakisimulia bustani ya mabembea, moja ya zile kubwa zilizo nje ya mji. Kilichomshika hakikuwa yale magari ya reli yanayopiga kelele. Ni lile gurudumu kubwa lenye vyumba vya vioo, mnakaa ndani wawili au wanne, linawapandisha polepole mpaka mnaona mashamba yote. Alinichorea. Kwenye mchoro tulikuwa wawili, mimi nina kichwa kikubwa na yeye ana misuko mitatu. Shangazi yake alijitolea kumpeleka, akakataa. Alitaka kupanda na baba.

Nikampeleka. Nilikwisha kumwuliza daktari kama gurudumu lile linanifaa, akasema kukaa mle ndani hakuna ubaya. Hakuna aliyeniuliza habari ya foleni, na mimi sikuiwaza. Tukafika chini ya gurudumu, tukaona kibao kimeandikwa kwamba kusubiri ni saa nzima. Saa nzima kwenye vichochoro vya vyuma, watu mbele, watu nyuma, hakuna pa kukaa. Mtoto wa umri wake haruhusiwi kupanda bila mtu mzima. Nikamtazama, nikamwambia, "Mwanangu, baba anaogopa juu." Akacheka sana. Kisha akaona sicheki, akanishika mkono akasema hamna shida, tutazame tu. Tukala gofri, ile mikate tamu ya huku, tukitazama baba za watu wengine wakipanda na watoto wao.

Ndugu zangu, uongo ule ulikuwa mdogo tu, lakini nililala nao mwaka mzima.

Mwaka uliofuata nikajiapiza kwamba safari hii nitasimama. Nilimeza dawa asubuhi, nikafunga mkanda wa mgongo, nikamwambia mtoto kwamba woga umekwisha. Tukaingia kwenye foleni. Dakika za kwanza nilikuwa nachezacheza miguu, namsimulia hadithi za Kigoma. Kisha moto ukaja. Niliegemea chuma, nikaacha hadithi katikati. Jasho likanitoka, na ilikuwa siku ya baridi. Tulipofika karibu na mlango, hata hatua kumi hazikubaki, mguu ukaondoka. Nikaanguka na mnyororo wa foleni mkononi, nikamwangukia mama mmoja na mtoto wake mdogo.

Watu walirudi nyuma. Nikasikia mwanamume mmoja akisema kwa Kifaransa kwamba asubuhi mapema hivi na tayari amelewa. Niko chini, nataka kujibu, mdomo haufunguki. Ndipo binti yangu, miaka tisa, aliposimama kati yangu na watu wale, akasema kwa sauti ya juu kwamba baba yake hakunywa, baba yake ni mgonjwa.

Wafanyakazi wakaleta kiti cha magurudumu. Walikuwa wema, sina la kuwalaumu. Binti yangu ndiye aliyekisukuma mpaka getini. Kwenye treni akaniambia, "Baba, mimi sipendi tena gurudumu. Ni la watoto wadogo."

Alinidanganya kama nilivyomdanganya mimi. Alijifunza kwangu.

Baada ya siku ile nilijificha. Nilimpigia mama yake nikasema nimepata kazi ya Jumamosi. Kazi gani? Hakukuwa na kazi. Juma moja likawa mwezi, mwezi ukawa miezi minane. Akinipigia mtoto, naongea kidogo, nakata. Na mnajua Jumamosi hizo nilikuwa wapi? Gare du Midi. Nilikuwa najua saa ya treni ya Liège na njia inayoingilia. Napanda juu, natembea kutoka mwanzo wa jukwaa mpaka mwisho, nashuhudia watu wakishuka. Natazama watoto wenye mikoba. Nikiona misuko kwa mbali moyo unaruka, na najua kabisa si yeye, maana mimi mwenyewe ndiye niliyemkataza asije. Treni inaondoka, narudi nyumbani, natengeneza chakula cha watu wawili kwa mazoea, nakula cha mmoja.

Kwenye jukwaa lile ndipo aliponikuta maman mmoja. Yumo humu ndani, ameniomba nisimtaje na sitamtaja. Anamtunza mzee mmoja mtaa wa Uccle, na Jumamosi alikuwa anampokea mdogo wake aliyekuwa anakuja na treni hiyohiyo. Miezi hiyo minane ilipokaribia kutimia, aliniona wiki moja, akaniona ya pili. Ya tatu akanifuata.

"Papa, treni imeisha kwenda," akaniambia. "Uko unangoya nani?"

Nikasema simngojei mtu. Hakuondoka. Alimtuma mdogo wake atangulie, akanikalisha kwenye benchi, akatoa chupa ya chai kwenye mfuko. Sijui chai ile ilikuwa na nini, nilimwambia yote. Kabati, foleni, kuanguka, mtoto kunitetea mbele ya watu. Akanisikiliza, kisha akaniambia kwamba bustani zile zina utaratibu kwa watu wasioweza kusimama kwenye foleni. Mtu anaonyesha kadi ya ulemavu, anapewa namna nyingine ya kusubiri. Mdogo wake, aliye na ugonjwa wa damu, huitumia.

Nikamkatalia. Nikamwambia kadi hiyo ni ya walemavu, na mimi natembea. Nikasema siwezi kwenda kuomba huruma mbele ya mtoto wangu. Alinisubiri nimalize.

"Bon," akasema. "Weye unasema hauwezi kusimama mu mulongo. Na mutoto je? Mutoto yako ndiye iko mu mulongo, papa. Iko anakungoya weye. Huit mois."

Akafunga chupa yake ya chai. Mimi nilibaki natazama reli. Nilikuwa nimehesabu miezi yangu minane. Ya kwake sikuwahi kuihesabu.

Msidhani nilinyooka siku hiyohiyo. Nilichukua fomu ya kuomba kadi, nikaijaza peke yangu. Palikuwa na swali: unaweza kusimama kwa muda gani? Nikaandika nusu saa. Kiburi kiliandika, si mimi. Jibu likarudi kwamba sistahili. Nikamletea maman barua kama mtu aliyeshinda hoja: umeona, hawanitaki. Akaomba nakala ya fomu, akaisoma, akavua miwani.

"Trente minutes? Papa, huyu muntu umeandika hapa ni nani? Mimi simujue."

Tukaenda pamoja kwa daktari. Safari hii alinipima kwa saa, nimesimama katikati ya chumba chake, mikono chini. Nilikaza meno. Nilivumilia mpaka nikaona ukuta unacheza, nikakaa. Ilikuwa dakika nne. Daktari akaniachia kalamu niandike mwenyewe. Nawaambia, nimebeba piano katika mji huu, na sijawahi kuinua kitu kizito kama namba ile. Nililia mbele ya daktari. Lakini nilipotoka nje nilikuwa mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo uliokuwa si wake.

Kadi ilikuja. Nikampigia mama mtoto, nikamweleza ukweli wote, pamoja na kazi ya uongo ya Jumamosi. Akasema, "Usimwahidi kitu tena kama huna hakika." Nikasema nina hakika. Mtoto akapewa simu. Hakuuliza chochote ila moja, kama kweli nitakuwepo kwenye jukwaa.

Tulikwenda. Nilikabidhi kadi dirishani, binti yangu kando yangu. Mfanyakazi wa pale alinieleza vizuri. Hawakuruhusu niwapite watu. Kama foleni ni dakika hamsini, wanakuandikia saa ya kurudi baada ya dakika hamsini, na wewe unasubiri unapoweza: unatembea, unakaa. Unangoja kama kila mtu, ila hungoji umesimama. Jambo dogo tu, na mimi nililikimbia miaka miwili.

Saa yetu ilipofika tukaingilia mlango wa pembeni. Mtu mmoja kwenye foleni akasema kwamba amenitazama nikitembea vizuri tangu asubuhi. Zamani ningegeuka niondoke. Nikamwambia, kwa Kifaransa changu kibovu, kwamba kutembea naweza, kusimama siwezi. Akanitazama, akasogea. Hayo tu. Hakuna aliyekufa.

Kwenye kile chumba cha vioo tulikaa wawili. Kilipofika juu gurudumu likasimama kidogo, kama linavyofanya. Mashamba yalikuwa chini, na mvua ya mbali. Binti yangu hakutazama nje. Aliniuliza, "Baba, bado umenikasirikia?"

Nikamwuliza nimkasirikie kwa nini.

"Kwa sababu siku ile niliwaambia watu wewe ni mgonjwa. Nilisema kwa sauti. Halafu hukutaka nije tena."

Ndugu zangu. Miezi yote ile mimi nilijificha nikidhani namwepushia aibu, na yeye, mtoto wa miaka kumi, yuko Liège anajilaumu kwamba alinisema vibaya. Nilimshika kichwa, nikamwambia kwamba siku ile alisema ukweli ambao baba yake alishindwa kuusema. Nikamwambia hajafanya kosa, hata kidogo. Hatukuyaona mashamba. Tuliposhuka tukaomba saa nyingine, tukarudi kuyaona.

Sasa ana miaka kumi na mbili. Amevuka umri wa kusindikizwa, anaweza kupanda peke yake, na mara nyingi anakwenda na marafiki zake. Siwafichi, bado namkumbuka sana yule wa miaka minane, mwenye misuko mitatu, aliyetaka kupanda na mimi tu. Yule hatarudi. Nilimwacha akingoja, akakua. Hilo hakuna kadi inayolirudisha, na siku nyingine asubuhi linanichoma kuliko mguu.

Nawashukuru. Namshukuru maman yule na chai yake. Namshukuru daktari aliyenipa kalamu badala ya kuandika yeye. Namshukuru mama wa binti yangu, ambaye alikuwa na kila sababu ya kukata simu, na hakukata. Nawashukuru ninyi kwa viti hivi mlivyovipanga duara, mtu akichoka akae bila kueleza.

Na nasema na wewe uliye humu ambaye una maumivu yasiyoonekana. Labda ni masikio yako, labda ni damu, labda ni mtoto wako asiyevumilia kelele za watu. Usiandike namba ya yule mtu uliyekuwa zamani. Kuna mtu anakusubiri wewe, huyu wa leo, na hajali unasimama dakika ngapi.

Jumanne asubuhi nitakuwa Porte de Namur, kwenye mlango wa metro, nina fomu na kalamu mbili. Anayetaka twende wote kwa daktari au ofisini, aje. Akichelewa, aje vilevile. Nitamngoja.