Madam Wahiba na Jiwe la Kilo Moja

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha Fizikia, yote katika Wilaya ya Temeke, Mwalimu Wahiba Matar anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Miaka mingi zaidi kati ya hiyo ameitumia hapa shuleni kwetu Mbagala, na hakuna aliyepita Kidato cha Tatu bila kulijua jiwe lake.

Ni jiwe la mizani la kilo moja, la chuma, kutoka duka la nafaka la baba yake. Alilipeleka kwa fundi likatobolewa ili kipimajoto kiingie ndani. Mzee Matar alimwambia asilirudishe dukani tena, maana sasa litapunja wateja, na yeye hana umri wa kulala rumande.

Kila mwaka somo la joto lilianza vilevile. Ndoo ya maji ya moto iliwekwa mezani, jiwe likiwa bado kavu pembeni, na kila mmoja alitakiwa kukadiria: likitumbukizwa, litafika nyuzi sitini baada ya muda gani? Makadirio yaliandikwa ubaoni pamoja na majina, la mwalimu likitangulia, na hakuna kufuta. Wengi walisema nusu saa, kwa kuwa jiwe ni zito. Lilifika kwa dakika mbili na kitu. Hapo ndipo alipoeleza kwamba chuma hupokea joto upesi, hasa kikizungukwa na maji mengi.

Mwaka jana somo liliangukia wiki ambayo maji yalikatika. Sufuriani kulikuwa na kikombe kimoja tu cha maji ya moto. Darasa lilishadokezwa jibu na waliotutangulia, hivyo wote walisema dakika mbili. Madam naye aliandika mbili. Akabaki Allen Apolinari, ambaye alikuwa ameshaomba kuhamia masomo ya sanaa kwa sababu kila akijibu swali alichekwa.

"Mie naona halifiki, madam," alisema huku anaangalia meza.

"Braza, we hama tu," mtu akadakia kutoka nyuma. "Historia inakusubiri."

Madam aliandika: Allen, halifiki. Jiwe likatumbukizwa. Kipimajoto kilipanda, kikapunguza mwendo, kikasimama kabla ya sitini, na hakikusogea tena. Chuma kilikuwa kimepata joto, lakini maji yale machache yalipoa kwa kutoa joto hilo, vikakutana katikati. Madam alichukua chaki akaandika mbele ya jina lake mwenyewe: nimekosea, nilisahau maji ni kidogo. Maneno hayo yalikaa ubaoni hadi shule ilipofungwa, na wanafunzi wa zamu walikatazwa kuyagusa.

Allen hakuhama. Tangu hapo hata sisi tusiopenda kusikika tulianza kunyoosha mikono kwenye kipindi chake.

Jiwe linabaki maabara, na Allen, ambaye sasa yuko Kidato cha Nne, ndiye mtunzaji wake. Wiki iliyopita tulikadiria kwa mara ya mwisho: Madam atazoea kukaa nyumbani baada ya muda gani? Yeye aliandika mwezi mmoja. Mwalimu Mkuu, Madam Genoveva, aliandika miaka miwili. Allen aliandika: hafiki.

Asante, Madam, kwa kukosea mbele yetu bila kujificha. Tunakuombea afya njema na siku za utulivu. Ubao hatutaufuta mpaka uje mwenyewe utuambie nani alipatia.