Bi Mwanaharusi, Mjane Aliyebeba Bunduki Mchana Kweupe

Wasikilizaji wapendwa, kama uko jikoni, punguza moto. Kama uko njiani, ongeza sauti kidogo. Leo nina mtu wa kuwasimulia, na sitaki umkose hata dakika moja.

Ni Bi Mwanaharusi Kibwana, mkulima wa Mkange, kule kaskazini mwa Bagamoyo kuelekea Saadani. Amefariki mwezi uliopita akiwa na miaka sitini na minane. Najua mmezoea. Tunaanza na kuzaliwa, tunamaliza na kaburi, na katikati tunalia. Leo hatulii sana. Huyu mama alishinda, na mtu aliyeshinda hasimuliwi kwa sauti ya kinyonge.

Alishinda nini? Alipata leseni ya kumiliki bunduki. Nasema tena, leseni, yenye jina lake mwenyewe. Wapo wenye bunduki wengi. Wenye leseni, tuulizane taratibu.

Turudi mwaka 2016. Mumewe, Mzee Haidar, alianguka shambani kwa presha na hakuinuka tena. Aliacha mke, binti mmoja aitwaye Hafidha, ekari sita za mahindi na mihogo, na bunduki moja ya marisau. Bunduki ile ilikuwa halali kabisa, leseni ikiwa na jina la Haidar. Kazi yake ilikuwa moja tu, kufukuza nguruwe pori. Ninyi wa mjini mtacheka, lakini kundi la nguruwe likiingia shambani, kesho yake unakuta mabua yamelala kama yamepitiwa na trekta. Ekari zile sita ndizo zilizokuwa zikimlisha Bi Mwanaharusi, binti yake na wajukuu. Bila bunduki, shamba lilikuwa la nguruwe.

Basi mjane akaingia eda. Miezi minne na siku kumi, hatoki nje. Na bunduki iko uvunguni mwa kitanda alicholalia.

Hapo ndipo penye kazi. Leseni ni ya mtu, si ya nyumba. Mwenye leseni akifa, silaha inatakiwa irudi polisi. Ndugu wakitaka kuendelea kuimiliki, mmoja wao aombe upya kwa jina lake. Mkikaa nayo kimya, mnaingia makosani, hata kama marehemu alikuwa mtu safi.

Siku ya kumi na tatu ya eda akaja shemeji yake, Mzee Bilali, mdogo wake marehemu. Akaketi kibarazani, akazungumza kupitia dirishani. Hafidha alikuwa ndani na mama yake, na ndiye aliyenisimulia.

"Shemeji, kile kitu tukipandishe darini," Bilali akasema. "Eda ikiisha tutajua la kufanya. Hapa kijijini wote ndivyo wafanyavyo."

"Na askari wakija?"

"Nani atawaambia? Nguruwe?"

Hafidha anakiri kwamba alicheka. Mama yake hakucheka. Alikuwa anawaza mbali. Alitaka ile bunduki, tena alitaka iwe yake. "Nikiificha leo, kesho nitaiombaje?" akamuuliza shemeji. "Nitasimama mbele ya polisi niseme nimeitoa wapi?"

Bilali akaondoka akisonya. Bi Mwanaharusi akamtuma Hafidha kwa Sheikh Masoud na swali moja: mjane aliye edani anaweza kutoka? Jibu likarudi kabla ya adhuhuri. Kwa dharura ya kweli, ndiyo, mchana, na jua lisizame hajarudi kwake. Akamtuma tena kwa mtendaji wa kijiji, Bwana Medard, mtu wa Bukoba, mpole lakini kwa karatasi hana mchezo. Medard akapiga simu kituo cha polisi Bagamoyo, akaeleza silaha gani, ya nani, inakuja siku gani, kwa gari gani. Kisha akaandika barua na kuigonga muhuri.

Kesho yake asubuhi wakapanda pikapu ya mchuuzi wa mihogo. Bunduki ilikuwa tupu, mtutu umetenganishwa na kitako, yote imezungushiwa mkeka. Risasi alizishika Medard kwenye mfuko wake, mbali na bunduki. Bi Mwanaharusi alikaa katikati na mkeka wake magotini, barua mkononi.

Mbele wakakuta kizuizi cha polisi. Askari kijana akasogea dirishani.

"Shikamoo mama. Kuna nini kwenye mkeka?"

"Marahaba mwanangu. Kuna bunduki ya marehemu mume wangu. Naipeleka kituoni. Barua hii hapa, leseni yake hii, risasi anazo mtendaji."

Yule askari akasoma barua. Akairudia tena kuisoma. Akapiga simu kituoni, akajibiwa kwamba wanasubiriwa. Akamrudishia karatasi zake kwa mikono miwili. "Mama," akasema, "wengine huwa wanatuambia ni jembe."

Kituoni akapokelewa, bunduki ikaandikwa, akapewa hati ya makabidhiano. Pikapu ikarudi mbio. Alivuka mlango wake adhana ya magharibi bado.

Ningependa niwaambie kwamba mambo yalinyooka. Hayakunyooka. Eda ilipoisha alianza maombi, na maombi ya silaha si ya siku mbili. Msimu ule nguruwe wakala mahindi yote ya upande wa bondeni. Alipiga madebe mpaka viganja vikachubuka. Siku moja alikaa chini katikati ya shamba lililolala, akalia kwa sauti, na Bilali akapita njiani akamwambia, "Ungenisikiliza, sasa hivi ungekuwa unavuna." Hafidha anasema maneno yale yalimuuma mama yake kuliko njaa yenyewe. Nami yananiuma hapa nilipokaa.

Lakini hakuacha. Barua yake ikapelekwa mkutano wa kijiji, maana kijiji ndicho kinachoanza kusema kama mwombaji ni mtu wa kuaminika. Uwanja ukajaa. Mzee mmoja akasimama, akasema bunduki inapiga teke, itamwangusha huyu mama. Watu wakaangua kicheko.

Bi Mwanaharusi akangoja wamalize. "Nimezaa watoto sita," akasema. "Watano nimewazika. Hilo teke la bunduki litanifanya nini?"

Medard akauliza wanaokubali wanyooshe mikono. Sihaba, jirani yake, anasema wanawake walinyoosha miwili miwili, ikabidi mtendaji awaombe wapunguze ili ahesabu.

Kutoka kijijini faili likaenda wilayani. Akachukuliwa alama za vidole. Akahojiwa. Akapelekwa kwenye mafunzo ya kutumia silaha, yeye na wanaume kumi na mmoja. Siku ya shabaha walipewa makopo matatu kila mtu. Bi Mwanaharusi aliangusha yote matatu. Mkufunzi akamuuliza nani alimfundisha.

"Nimemtazama mume wangu miaka thelathini," akajibu. "Alikuwa anakosa sana. Nilikuwa najua anakosea wapi."

Mwaka 2018, akiwa na miaka sitini na mmoja, akakabidhiwa leseni na bunduki. Leseni ya Mwanaharusi Kibwana. Akarudi Mkange na Hafidha, bunduki tupu ndani ya mfuko wake, risasi kando, karatasi zote tayari kwa kuonyeshwa. Na unajua nini? Siku ile hakuna askari aliyewasimamisha. Hafidha anasema mama alinuna njia nzima.

Kijijini alikaribishwa kwa vigelegele. Ijumaa ya kwanza, asubuhi, akaangusha dume kubwa la nguruwe pembeni mwa mihogo. Lile kundi halikuonekana tena mpaka mvua zilizofuata. Msimu ule alivuna bonde lote, na mahindi mabichi aliwagawia majirani, wakiwemo waliomcheka. Miaka saba aliilinda Mkange upande ule. Kila mwaka alihuisha leseni yake. Hakuna hata mwaka mmoja aliochelewa.

Mwezi uliopita homa ikamchukua kwa siku nne. Siku ya tatu alimwita binti yake. "Mkinizika tu, ipelekeni," akamwambia. "Msikae nayo hata siku moja." Akazikwa Alhamisi. Ijumaa asubuhi, Hafidha na Medard walikuwa kituoni Bagamoyo na bunduki ile, na Hafidha akaulizia papo hapo fomu ya kuomba kwa jina lake.

Siku ya hitima, watu walipokuwa wanaondoka, Mzee Bilali akabaki. Ana miaka sabini na sita sasa. Akamwomba Medard amsindikize kwake. Huko akamwonyesha gobole la baba yake, ambalo halijawahi kuwa na leseni, na limekaa kwenye nyumba yake miaka arobaini. Akasema, "Nisindikize nilisalimishe. Mwanamke huyu amenishinda akiwa hai, na leo ananishinda akiwa kaburini. Imetosha." Walikwenda pamoja, kwa barua, na gobole limepokelewa.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya wote tulio hapa studio, nampa pole Hafidha, nawapa pole wajukuu, nampa pole Mzee Bilali na watu wote wa Mkange. Mwenyezi Mungu amlaze mama yetu mahali pema.

Na wewe unayenisikiliza, ambaye mzee wenu alishakufa na kitu chake bado mnacho, mimi sikuulizi umekiweka wapi. Jiulize mwenyewe, na muulizane nyumbani leo, ni nani kati yenu atakayekwenda kwa mtendaji kuomba barua. Bi Mwanaharusi alikwenda akiwa edani. Wewe una udhuru gani?